Mdachi Haoni Kisiki

Veronika mwanangu,

Watu wakiandikiana huanza kwa kuulizana hali. Yako naijua. Nimekuona sasa hivi ukikatiza kwenye migomba na kaniki yako mpya, unakwenda kuwaaga watu wa nyumbani kwa katekista, na hukugeuka nyuma hata mara moja. Umenikasirikia, na una haki. Asubuhi uliniuliza, "Mama, kesho utanisindikiza mpaka wapi?" nami nikajitia kumfuta mdogo wako makamasi ambayo hayakuwapo.

Kesho alfajiri unashuka na katekista na mkewe kwenda Morogoro kupanda gari la moshi, ufike pwani kwa masista ukasome. Na kesho hiyohiyo mjomba wako Lukasi anapanda na watu wake na majembe kwenda kung'oa visiki vya mteremko wetu ulioungua. Desturi unaijua: binti akitoka, mama humbebea mzigo hadi kivuko cha mto, akamtwika pale kwa mikono yake, kisha akageuka. Nisipofika kivukoni watu watasema. Nikifika, nitakaporudi mchana mteremko utakuwa umeshalimwa. Tangu asubuhi nimekwenda mlangoni na kurudi, nimekwenda na kurudi, mpaka kuku wamenichoka.

Naandika kungali na jua. Paulo amelala mgongoni. Nikikaa tu anaamka, kwa hiyo nimekipindua kinu, nimeweka karatasi juu ya kitako chake, naandika nimesimama huku nikiyumba kama mlevi. Ukiona herufi zimelala, si mimi, ni yeye.

Habari za kuoga, kusali na kuwatii masista sitaziandika. Umezisikia hadi zimekutoka puani. Nataka nikujibu neno moja ulilolisema jana. Nilikuambia panda ukautazame mteremko kabla hujaondoka, ukasema, "Nikatazame nini, mama? Pale pameshakufa." Ukaenda zako kusuka nywele. Neno hilo limenikwama kooni kama mwiba wa samaki. Sitaki uende pwani nalo.

Moto ule uliuona wewe mwenyewe. Wawindaji wa ndezi waliwasha nyasi ng'ambo ya kijito kama wanavyofanya kila kiangazi, upepo ukageuka, na kabla watu hawajakata matawi mabichi ya kuupigia ulishavuka na kupanda kwetu. Moto ukipanda mlima haungoji mtu. Kilichouzuia ni unyevu wa msitu mkubwa kule juu, ule ambao Wadachi wameuzungushia vigingi na kusema ni wa serikali. Kulipokucha, mteremko mzima ulikuwa mweusi kuanzia kijitoni hadi kwenye vigingi, vichaka vyote chini, visiki vinatoa moshi.

Ambacho hukukiona ni siku alipokuja bwana wa misitu na askari wawili. Ulikuwa umekwenda misheni kupimwa nguo. Alisimama pale juu, akauelekeza mkono wake chini, akamwuliza jumbe kwa Kiswahili kizuri tu, "Hapa pa nani?"

Jumbe aliogopa. Alidhani anatafutwa aliyechoma. Akasema, "Hapa si pa mtu, bwana. Pori tu."

Yule bwana akasema vizuri, atarudi mvua zikikatika na vigingi vingine.

Pori tu! Mahali bibi yangu alipochimba viazi pori vya ming'oko, mama yangu alipokata kuni, mimi nilipoumwa uchungu wa kukuzaa nikaegemea mtopetope mpaka wanawake wakanikuta. Tunapaacha kwa miaka papumzike, tunalima pengine, kisha tunarudi. Lakini mtu akija kutoka ng'ambo akaona vichaka, ataona nini zaidi ya vichaka?

Ndiyo sababu Lukasi ana haraka, na usimdhanie vibaya mjomba wako. Alikuja juzi jioni, ukamwamkia, ukatoka. Akakaa kwenye kigoda chako, akasema, "Dada, nataka nipalime pale pote. Kuanzia chini hadi kwenye vigingi. Visiki ving'oke, matuta yaonekane."

Nikamwambia, "Kaka, majani ya visiki bado mekundu."

"Najua majani ni mekundu. Nina macho."

"Basi mama alisemaje?"

"Mama alisema jembe lisubiri jani liwe kijani. Mama hakuwa na Mdachi mlangoni. Mdachi haoni kisiki, dada. Mdachi anaona tuta."

"Na mvua? Mvua itaona nini?"

"Mvua tutazungumza nayo ikija."

"Ulizungumza nayo Kipara ikakuitikia?"

Hapo aliinama akaokota kijiti, maana Kipara, mteremko ule mwingine, tulikichimba sote wawili. Kisha akaniambia neno ambalo mpaka sasa sijapata pa kuliweka. "Kipara kimeisha, sawa. Lakini Kipara ni chetu hadi leo. Hakuna aliyekuja kutuuliza Kipara cha nani."

Vero, wewe umekua ukiteleza pale Kipara juu ya magogo ya migomba pamoja na wenzio, mnarudi na matako mekundu kwa udongo, ukidhani Mungu ndiye aliyepaumba vile. Hakupaumba vile. Palikuwa na vichaka kama huku kwetu. Pakaungua kiangazi kimoja, wewe ukiwa mgongoni hivi alivyo Paulo sasa. Mimi nilikuwa msichana bado, nina mtoto na sina shamba la kusimama mbele ya watu nikasema hili langu. Baba yako alikuwa amechukuliwa kubeba mizigo ya msafara, nikataka akirudi akute mahindi. Mama akaniambia subiri jani. Nikamjibu, "Mama, jani halishibishi." Akasema, "Haya, mwenye haraka," akanung'unika siku nzima, kesho yake akaja na jembe lake mwenyewe, maana njaa ilikuwa ya nyumba nzima na yeye alikuwa na meno kama sisi.

Tuking'oa kisiki, Lukasi alikuwa anacheka. Udongo ulikuwa laini kwa jivu, jembe linazama kama kwenye ugali. Kila kisiki tulichokitoa kilikuwa na chipukizi pembeni, jekundu, na mzizi mrefu kuliko mtu. Niliuona mzizi ule. Nikaukata, nikautupa kwenye kuni. Sikujiuliza mzizi mrefu hivi unashika nini huko chini.

Mahindi yalitoka ajabu. Watu wakipita wanasema, "We Klementina, hayo mahindi au miwa?" Nikavimba kichwa. Kisha masika ikaja. Alfajiri moja tulisikia sauti kama mtu anaburuta jamvi zito uani. Tulipotoka nje, mteremko ulikuwa umeshuka. Mahindi yalikuwa bado yamesimama, yamesimama wima kabisa, lakini chini kijitoni, juu ya chemchemi yetu, na migomba ya jirani imelala chini yake.

Nilimngoja mama anitukane. Ningemshukuru angenitukana. Alichukua kibuyu, akanipa, akatembea mbele mpaka tukazunguka kilima kizima, akanionyesha maji mengine. Akasema, "Njia ya maji ni hii sasa." Basi. Ndiyo njia unayolalamikia kila asubuhi kwamba ni ndefu.

Paulo ameamka. Ngoja.

Nimerudi. Nimempa ndizi, ameipaka kwenye ukurasa, utanisamehe.

Mwaka ule ule nilifanya ujinga mwingine, na huu sina hata wa kugawana naye. Ardhi ikiungua, ndege hawana pa kujificha. Kanga walikuja kwa makundi kuparua jivu wakitafuta mbegu na mayai ya panzi, wanatembea wazi wamejaa majivu miguuni kama wanawake wanaotoka kupepeta. Kuwakamata ilikuwa kama kuokota. Nilitega, nikatega, nikauza wengine, wengine tukala, mpaka hakubaki hata mama mmoja wa kuatamia. Watu wakanisifu tena. Mwaka uliofuata panzi waliangua, na hakukuwa na wa kuwala. Walianza na machipukizi ya vichaka vilivyosalia pembeni, wakamaliza, wakaingia kwenye mtama wa kijiji kizima. Usiku ulikuwa unawasikia wanatafuna. Tangu hapo nikiona kanga juu ya jivu nageuza uso, hata nikiwa na njaa. Wewe ulikuwa unasema mama hapendi nyama ya kanga. Naipenda sana.

Sasa nikuambie kuhusu pale unaposema pameshakufa. Nimekuwa nikipanda kila siku tangu moto ule, nawe unadhani nafuata kuni. Siku ya kwanza ardhi ilikuwa bado inaunguza nyayo. Mwewe walizunguka juu wakishuka kuokota panzi waliobabuka. Nilimkuta kobe gamba limepasuka, nikamfunika kwa mawe. Nikafika kwenye shimo la nungunungu, nikategemea harufu mbaya. Mlangoni pana nyayo juu ya jivu, zimetoka, zimezunguka, zimerudi ndani. Alikuwa chini wakati wote. Moto ulimpita juu ya dari.

Baada ya hapo kwa siku nyingi hapakuwa na kitu, na mimi nilianza kusema kama wewe. Mchwa tu, wakijenga vijia vya udongo juu ya vijiti vilivyoungua, wanakula kilichokufa na kukiingiza ardhini. Halafu, bila hata tone la mvua, jani likatoka kwenye miyombo. Jekundu na laini, utadhani sikio la mtoto mchanga. Watu hudhani mvua ndiyo inayoamsha mti. Mti una maji yake huko chini, umeyaweka. Yale maua mekundu ya mviringo nayo yakachomoza kwenye jivu, hayana jani hata moja, ua tu na bua, na ndege chozi wakaja na midomo yao mirefu kuyachungulia. Mtopetope wangu, ule niliouegemea, umeungua shina lote. Nikainama nikafukua majivu kwa kidole: pale shina linapokutana na mzizi pana vichipukizi vinalingana na vidole vya Paulo.

Nilifukua na kingine, na kingine. Nataka uelewe jinsi nilivyokuwa na wasiwasi. Nilikuwa nataka kukiona kila kimoja kama ni kizima. Cha tatu kilikatika mkononi mwangu. Nikaacha. Ukitaka kila saa kujua kama kitu kinaishi, unaweza kukiua kwa kukiuliza.

Ilipopiga mvua ya kwanza, ile ndogo, mashina ya nyasi yaliyoungua yakatoa kijani katikati, na mimea ya kangaga ikachomoza vichwa imevikunja kama ngumi. Wiki hii alfajiri nimemwona funo, yule swala wa vichakani. Mwekundu, mdogo, anakula majani mapya huku anatetemeka, anatazama huku na huku kwa sababu hana kichaka cha kukimbilia. Alikuwa anaogopa na anakula. Nilimtazama mpaka ukaniita.

Nilipompoteza yule mtoto kati yako na Paulo, shangazi zako walikuja kunipa moyo. "Utapata mwingine, bado mbichi wewe." Walikuwa wanang'oa visiki, Vero, ingawa kwa huruma. Mama yangu alikuja na kikapu cha mihogo, akaimenya mlangoni bila kusema neno, akapika, akaondoka, kesho akarudi. Ilikuwa hivyo kwa muda mrefu. Siku moja nikajikuta nimechukua kisu nimemenya naye. Sijui ni siku gani. Hakuna aliyeniambia umepona, na ningeambiwa ningerudi kulala. Huko pwani utakutana na mtu aliyeunguliwa na kitu. Na wewe mwenyewe utakuja kuungua, mwanangu, siwezi kukudanganya. Nakuomba tu usiwe na haraka ya jembe, kwa wengine wala kwako.

Jua linaingia nyuma ya mlima. Bado sijakujibu.

Juzi Lukasi alipoondoka, uliingia ukasema, "Basi nisiende. Nibaki nikusaidie kubishana." Nilikufokea, ukalia. Nisikilize sasa bila kelele. Mteremko ule ni wa mama yangu, ukaja kwangu, na baada yangu ni wako. Mjomba wako ni mlinzi wake tu, naye anajua. Kwa hiyo una haki ya kuupigania. Lakini ukibaki, kila mwaka utakapokuwa mgumu utanitazama na kufikiri shule ile. Hutasema. Mimi nitasikia. Utakwenda. Jambo hilo tumelimaliza.

Ila Lukasi amenibana na neno lake, kwamba Kipara ni chetu hadi leo. Nimelizungusha kichwani kutwa nzima, nikitwanga, nikichota maji, nikiandika hapa. Ana haki akisema Mdachi haoni kisiki. Mimi nina haki nikisema tukivitoa visiki, masika hii mteremko utashuka wote, na safari hii chini yake kuna nyumba za watu. Nilikuwa nabishana naye kana kwamba mmoja wetu ni mwongo.

Mdachi haoni kisiki, lakini nyumba anaiona. Haraka sana anaiona! Hakuna kibanda kilima hiki, hata kile cha kikongwe asiye na mlango, ambacho hawajakifikia kudai kodi. Sasa basi. Kesho nahamia kule. Nitajenga kibanda katikati ya mteremko, hapo penye jiwe bapa, na nitapanda migomba michache kwenye nafasi zilizo wazi kati ya kisiki na kisiki, kuanzia chini hadi kwenye vigingi vyao, bila kung'oa hata kimoja. Nitalala hapo na Paulo masika yote. Watakuja kunidai kodi ya kibanda. Na waje. Hawadai kodi kwa pori. Jumbe akiulizwa tena hapa pa nani, atalazimika kusema, maana ndiye atakayeipokea.

Kwa hiyo kesho watu wa Lukasi wakija na majembe, nataka wanikute nimeshafika, nimekaa, na miti ya kujengea iko chini. Nitawaomba wanisaidie kuchimba mashimo ya nguzo. Lukasi atafoka. Ataniita majina ya utotoni mbele ya watu. Labda atasema kibanda kimoja hakitoshi, na labda ni kweli, sijui, Vero. Huenda yule bwana akaja akacheka, akapiga vigingi vyake kukizunguka na mimi nikiwa ndani. Sina hakika hata kidogo. Ninachokijua ni kwamba kaka yangu hapitishi jembe mahali nilipokaa.

Hili ndilo jibu lako. Sikusindikizi. Nitakuamsha mwenyewe, nitakupa uji, nitakutwika mzigo hapa mlangoni, na karatasi hii nitaitia kifuani mwako uisome gari litakapokuwa linakwenda na huwezi kurudi. Mke wa katekista nitamwomba akushike mkono kwenye maji. Watu wakisema mama yake hakufika kivukoni, waache waseme. Wewe waambie alikuwa na kazi.

Hapana. Nimebadili neno moja. Isome mapema, kabla hamjavuka, maana kutoka kivukoni mteremko wetu unaonekana wote, mweusi, hakuna kichaka cha kuficha mtu. Tazama juu. Ukiona majembe yanapanda na kushuka, basi nimeshindwa, nawe vuka vilevile. Lakini ukiona wanaume wamesimama tu, majembe mabegani, hawalimi wala hawaondoki, ujue mama yako bado anaongea.

Mama yako,
Klementina